Anayelala Ndani Ndiye Mwenyewe

Jumatano, 21 Februari 2001. Kinama, Bujumbura.
Leo nimepata akili! Jirani yetu Népomuscène alikimbilia kambini Tanzania, huu mwaka wa tano. Parsela yake, kiwanja na nyumba, imekaa bure. Mti wake wa avoka unadondosha matunda, na watu wanayagombania kila asubuhi. Kisa? Hakuna kanuni! Nchi nzima inapigana kwa sababu hiyohiyo: kitu ni cha nani, na nani aliyesema. Kesho naipelekea komite ya mtaa kanuni yangu. Ni fupi, ni ya haki, na itanipa avoka.

Alhamisi, 22 Februari.
Imepita! Anayelala ndani ndiye mwenyewe. Mzee Shakuru, fundi magari na mwenyekiti wetu, alikuna kichwa. Mama Adija, jirani yetu mjane mwenye mguu mbovu, akauliza kama itamhusu kila mtu. Nikasimama: sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma! Makofi. Ya kwanza yalikuwa yangu.

Sephora, mke wangu, hakupiga. Njiani akauliza, na nyumba yetu tuliyoikimbia vitani Bukavu, Kongo, je, anayelala ndani leo ndiye mwenyewe? Nikamwambia yule ni mwizi. Akatangulia mbele. Hajui siasa.

Ijumaa, 23 Februari.
Nimelala kwa Népomuscène. Mbu, acha tu! Asubuhi nikapanda miyenzi, vile vichaka vya utomvu mkali, kuuzunguka mti wa avoka. Hapa kila mtu anajua: ua wa miyenzi ukishika mizizi, huo ndio mpaka, hata wazee hawaugusi. Utomvu ukaniruka jichoni. Yesu wangu! Nilipiga mayowe kama mbuzi. Mama Adija akaniosha jicho, akiuliza kwa upole kama miyenzi nayo imepigiwa kura.

Jumapili, 25 Februari.
Risasi tangu alfajiri. Tumekimbia. Tuko mtaa wa Buyenzi, kwenye uwanja wa shule: mimi, Sephora, mtoto wetu Divin na godoro. Nyumba nimeifunga kwa kufuli mbili. Mama Adija amekataa kutoka. Eti mguu haumruhusu, na Mungu yupo Kinama pia.

Jumanne, 6 Machi.
Bado uwanjani. Nawaza. Nyumba inakuwa yangu kwa nini? Karatasi sina. Kufuli huvunjika. Labda ni yangu kwa sababu majirani wakiulizwa watasema, ile ni ya Mugisho. Na majirani, ila Mama Adija, wote wako hapa uwanjani! Kule ataulizwa nani? Nikaogopa sana. Sephora alikuwa analilia Bukavu. Nikamshika mkono.

Jumatatu, 12 Machi.
Tumerudi. Kufuli zimevunjwa! Kuku sebuleni! Na mlangoni pangu Mama Adija, anachambua maharage. Akaeleza: alizivunja kwa mchi. Kila usiku alilala nyumba nyingine ya safu yetu na kuwasha moto, waporaji waone kuna watu. Kwa hiyo, kwa kanuni yangu, safu nzima ni yake. Akanikumbusha na ule msumeno.

Nikamgeukia Mzee Shakuru. Naye, ambaye kwa kanuni hiyohiyo hana nyumba sasa, akasema kilichopitishwa na komite hakiondolewi ila na mkutano. Bukavu, na sasa hapa!

Mama Adija akainuka, akawaita kuku wake. Baba Divin, akasema, ingia kwako, hii ni yako, sote tunajua. Na ile yenye avoka ni ya Népomuscène, sote tunajua pia. Nililia mbele za watu, sioni haya kuandika. Kisha nikaing'oa miyenzi yangu yote.

Jumamosi, 17 Machi.
Nimetafakari. Mali si kufuli wala ua. Mali ni watu kujuana na kuheshimiana. Maneno mazuri! Nitayasema kwenye mkutano wa kufuta kanuni.

Ila mkutano umeahirishwa. Kesho kutwa Mama Adija anapelekwa hospitali kwa ajili ya mguu, atalala huko siku kadhaa. Nyumba yake ina bati jipya. Kanuni, kusema kweli, bado ipo. Ile miyenzi niliyoing'oa nimeiweka kivulini na haijanyauka hata kidogo. Sephora sijamwambia.