Misemo Kumi na Miwili ya Kutokata Tamaa

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji amesema mama yake anakuja Jumamosi, na atalala chumba ninacholala mimi. Hakupandisha sauti. Dada alikuwa anasugua sahani iliyokwisha takata. Nimeelewa. Lakini Mungu hamtupi mja wake! Kazini wanatafuta msimamizi wa stoo, na msimamizi hupewa chumba nyuma ya ghala. Usaili Alhamisi, kwa Kiingereza. Nikipata, nina pa kulala. Nikikosa, sina.

Jumanne, 5 Machi
Mpango tayari. Wakubwa wanataka mtu asiyekata tamaa, na Waingereza wana misemo ya hilo tele. Wao huuma risasi. Hawaachi jiwe bila kuligeuza. Husonga mbele, ije jehanamu, yaje mafuriko! Sisi tunaambiana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nani kapewa cheo kwa kuinama? Nimeandika kumi na miwili, nikaitoa kopi ofisini wenzangu wakiwa wanakula. Jioni nimemsomea dada. Kasema nipunguze kutoa macho, natisha.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Karatasi yenyewe niliisahau kwenye mashine ya kopi. Nimerudi, haipo. Dada wa mapokezi, naye anakitaka cheo hichohicho, kasema nimuulize dereva. Dereva kaapa hajui Kiingereza. Saa nane nikamsikia chooni, anageuza mawe kwa Kiingereza. Nimemsihi katibu aniweke wa mwisho. Wa mwisho ndiye anayekumbukwa.

Alhamisi, 7 Machi
Tulikuwa sita. Nimekaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa saba. Meneja akauliza nafanyaje kazi ikiwa ngumu. Nikaanza kuuma risasi, akanimalizia. Nikashika jiwe, mama wa utumishi akaligeuza bila kuinua macho. Nikarukia jehanamu. Mafuriko wakayataja wote kwa pamoja. Meneja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama na mimi nimefundishwa na dereva.

Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 8 Machi
Kapata dada wa mapokezi. Eti alijibu kwamba kazi ikimshinda hufunga mlango, huenda kulala, kesho yake huanza upya. Wakacheka, wakampa. Karatasi yangu amekiri aliiokota yeye. Aliona maneno mengi mno, akampa dereva, naye akawagawia wengine. Nimelia kidogo nyuma ya maboksi.

Jumamosi, 9 Machi
Mama mkwe wa dada amefika na masanduku matatu. Mimi nimetoka na mfuko mmoja. Dada kanitilia shuka, kisha akageuka nisimwone uso. Msimamizi mpya kaniruhusu nilale stoo siku tatu, basi. Sakafu ni baridi na nina upweke, sifichi. Nimewaza sana nilikosea wapi, na nimepajua. Kiingereza kimechakaa, kila mtu anacho. Nimeazima kitabu cha Kifaransa.