Panya Namba Saba Amepona

Jumatatu, 3 Machi
Profesa ametangaza: Ijumaa atateua msimamizi wa chumba cha picha hapa maabara. Tuko wawili. Mimi, miaka kumi na moja kazini. Na Bi Rula, miezi minne. (Jina nimempa mimi. Hupima kila kitu, hata sukari ya chai.) Mama mkwe nilishamwambia mwezi jana kwamba cheo ni changu. Anakuja Jumamosi kunipongeza! Mtihani: kila mtu na panya wake sita wenye uvimbe wa saratani, wa lile jaribio la dawa mpya. Skana ya kwanza huonyesha mwili na mifupa, ya pili hung'arisha uvimbe. Kisha unalaza picha moja juu ya nyingine, ijulikane uvimbe uko wapi na una ukubwa gani. Kazi ya mtoto mdogo.

Jumanne, 4 Machi
Si kazi ya mtoto. Namba saba, amelala fofofo kwa dawa ya usingizi, nilimbeba mkononi kutoka skana hadi skana. Akapinda. Picha zikatoka uvimbe uko nje ya mwili, unaelea peke yake! Bi Rula yeye humfunga panya kwenye kitanda kidogo cha plastiki chenye alama tatu zinazoonekana kwenye skana zote mbili, kisha anahamisha kitanda kizima. Dakika arobaini kwa panya mmoja. Nikamwuliza kama huwa anawaimbia pia. Akasema panya akisogea kidogo tu, picha zinadanganya. Ualimu nani kampa?

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Kwenye kompyuta picha inavutika. Unavuta huku, unabana kule, mpaka ya pili inaenea ndani ya ya kwanza kama mguu kwenye soksi. Panya sita, saa moja. Bi Rula alikuwa bado na panya wa pili. Nilimwonea huruma. Si sana.

Alhamisi, 6 Machi
Profesa alinyanyuka kitini! Uvimbe wa namba saba umepungua nusu tangu vipimo vya wiki jana. Akaniita fundi mbele za watu, akawapigia simu wafadhili. Nami nikampigia mke wangu, nikamwambia mama yake aje na mashemeji wote. Bi Rula akaomba kwa upole kuona daftari la panya waliopewa dawa ya saratani. Wivu tu.

Ijumaa, 7 Machi
Siku mbaya. Namba saba hajawahi kupewa dawa ya saratani. Ni wa kundi linalopewa maji matupu, la kulinganishia! Profesa akauliza nimefanyaje. Nikaeleza. Kumbe nilipoibana picha ya pili, na uvimbe ulibanika humo humo. Akawapigia wafadhili tena, mimi nimesimama palepale. Niliona aibu, siwezi kukataa. Bi Rula ndiye msimamizi. Akasema atanifundisha kile kitanda nikitaka. Sitaki. Basi nimepelekwa kuosha vizimba. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanikumbusha kwamba mama yake ameshapanda basi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwambia mama mkwe nimepewa idara nzima, yenye wakazi arobaini. Amefurahi mno. Anataka kuiona Jumatatu asubuhi, yeye na mashemeji! Lazima ing'ae. Ila kuosha kizimba kimoja kimoja ni kupoteza siku. Nimeshapata njia: panya wote arobaini nawatia kwenye beseni moja kubwa, vizimba vyote naviosha kwa mkupuo. Hakuna atakayechanganyika. Namba zao zimeandikwa vizuri kabisa kwenye vizimba.