Salamu za Bi Raya Mlangoni mwa Maabara

Jamani, leo sina uso. Nimejifungia stoo ya maabara nawaandikia.

Asubuhi alilazwa thieta mama mmoja wa Kengeja, ana uvimbe kwenye titi. Daktari akakata kipande mfano wa punje ya kunde, kikaletwa kwangu palepale. Mama amelala, kidonda ki wazi, wanasubiri. Ikiwa ni saratani, titi linaondoka. Ikiwa siyo, anashonwa. Kazi yangu ni kugandisha na kukata. Anayesoma kwenye darubini ni Dokta Sabra.

Kipande hicho lazima kigande haraka. Kikiganda polepole, maji yake hugeuka chembe za barafu, zikaitoboa nyama yote. Nayajua hayo. Nina cheti. (Kipo ukutani, na fremu yake.)

Basi nimekiweka kwenye kisahani cha chuma ndani ya mashine, nimekimiminia dawa yake nzito, nataka kukibana kwa chuma baridi kigande mara moja. Nikasikia mlangoni, "Zuwena, ntoto wangu."

Bi Raya! Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, aliyenisomesha tangu alifu mpaka nikahitimu. Mlitaka nimwambie asubiri?

Nikavua glavu, nikatoka, nikambusu mkono. Akaniuliza hali yangu, ya mume, ya mama, ya watoto mmoja mmoja kwa majina. (Ninao watano.) Kila mmoja nikamjibia alhamdulillahi. Mwisho akaniambia anayepasuliwa mle ndani ni binti yake. Akainua mikono, akaanza dua. Nami nikaitikia amina, moyo uko kwenye kisahani. Dua ya mwalimu haikatwi.

Kurudi, kipande kimeshaganda chenyewe, taratibu. Nikakikata hivyo hivyo, najipa moyo. Dokta Sabra akatazama.

"Zuwena, haya ni matundu matupu."

Ikabidi niende thieta kuomba kipande kingine. Daktari akauliza sababu, wauguzi wote wananitazama. Nikasema kweli. "Nilikuwa naamkia."

Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka. Binti wa Bi Raya alikuwa amelala pale, hana habari, na mimi ndiye niliyemchelewesha.

Wakanipa kipande cha pili. Natoka nacho mbio, Bi Raya huyo kasimama ukumbini, kaninyoshea mkono. Nikampita. Wallahi nilimpita mwalimu wangu kama sikumwona. Nyuma yangu nikamsikia akiwaambia watu wa benchi, "Yule nimemsomesha mimi. Kazi imemharibu, hata kuamkia kashaacha."

Safari hii kiliganda sawasawa. Dokta Sabra akasoma, akasoma tena.

"Siyo saratani. Waambie washone."

Nilikaa sakafuni nikalia.

Kisha nikanawa uso, nikaenda kumwomba Bi Raya radhi. Kanisamehe, lakini kanipa darsa kwanza, robo saa nzima, mbele ya benchi lote: kwamba kazi haikimbii, na mtu hashindwi kusimama kidogo akamwamkia mkubwa wake. Nikainamisha kichwa, nikasema naam, naam. Ningemwambia nini? Kwamba salamu zake ndizo zilizomweka binti yake na kidonda wazi? Hilo nitakufa nalo.

Msinicheke. Na atakayekwenda Kengeja kumjulia hali mgonjwa, amwambie Bi Raya kwamba Zuwena siku hizi ameshika adabu.