Madini ya Fedha kwenye Jino la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Profesa Lương ametangaza: mkutano wa Đà Nẵng atakwenda mmoja tu kutoka maabara yetu. Mmoja! Yaani mimi au Khuyên. Mimi natia chembe ndogo mno za madini ya fedha kwenye dawa ya kuzibia meno, ziue vijidudu vinavyotoboa jino upya chini ya kizibo. Khuyên anatia za zinki. Zinki! Kitu cha kupaka watoto vipele. Nimemwambia hivyo mbele ya watu. Akajibu kwamba yake angalau ni nyeupe, "yako, kaka Thiệp, itafanana na masizi."

Wivu huo.

Jumatano, 6 Machi

Mwongozo unasema nusu gramu kwa kila gramu mia. Jana nilitia tano. Nani atahesabu chembe zisizoonekana? Asubuhi hii, kwenye kisahani cha kuoteshea vijidudu, vyote vinavyozunguka kidonge cha dawa yangu vimekufa: duara safi, pana kama kidole gumba. Duara la Khuyên ni uzi mtupu. Nimepita mezani kwake mara nne nikipiga mluzi.

Kidonge chenyewe kimegeuka rangi ya chai iliyokolea. Si neno. Nimekipiga picha isiyo na rangi. Profesa akauliza kwa nini. Nikasema ni kuienzi sayansi ya zamani. Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kusikitika. Naandika: kwa kukubali.

Alhamisi, 7 Machi

Khuyên anasema kisahani si mdomo. Kweli. Kwa hiyo nahitaji mdomo. Wangu hauna tundu hata moja, bahati mbaya.

Mama mkwe, lakini! Jino lake la mbele limetoboka pembeni, na Jumamosi shemeji yangu Diễm anapokea posa. Miaka kumi na moja mama mkwe ananiita "daktari wa meno asiye na meno ya kutibu." Nimemziba kwa mikono yangu, juu nikapaka utando mwembamba wa dawa nyeupe. Nimemwambia ni dawa mpya ya maabara. Sikumwambia mpya kiasi gani. Akajitazama kwenye kioo, akaniita mwanangu. Mara ya kwanza!

Khuyên na zinki yake wajipange.

Ijumaa, 8 Machi

Mke wangu Nga ameuliza mbona jino la mama lina kivuli. Nikasema ni taa ya jikoni. Akaizima. Kivuli kikabaki.

Jumamosi, 9 Machi

Jeusi. Jeusi ti!

Mama mkwe hasemi nami. Ameshinda akiziba mdomo kwa upepeo. Wakwe wa Diễm walifika na masinia mekundu ya tambuu na popoo, mambo yakaenda vizuri, mpaka baba wa bwana harusi akafanya mzaha na mama mkwe akajisahau, akacheka. Macho yote yakamwendea mdomoni. Diễm akaanza kulia. Nikatazama mlango uko wapi.

Hapo akainuka bibi yake bwana harusi, ana miaka tisini na sita, meno yake yote meusi yanang'aa, kama yalivyopakwa rangi enzi za usichana wake, ilipokuwa ndiyo heshima ya mwanamke. Akamshika mama mkwe kidevu. "Hatimaye! Mwanamke mwenye meno ya heshima. Hawa wengine wote meno meupe kama mbwa!" Akataka kujua yaliyobaki atayamaliza lini. Watu wakaangua kicheko, chai ikamiminwa, posa ikapokewa.

Nikamnong'oneza mama mkwe kwamba nilikusudia. Akanikanyaga kwa kisigino.

Jumatatu, 11 Machi

Mama mkwe amedai nimpeleke kwa "yule dada mwenye akili." Nimempeleka mwenyewe, nikashika na mkoba wake. Khuyên ametoboa kizibo changu, akaweka dawa ya kawaida ya kabatini. Nikamuuliza mbona hatii zinki yake, anaogopa? Akajibu kwa sauti, "Haijaruhusiwa midomoni mwa watu, kaka. Wala yako." Profesa alikuwa mlangoni.

Nimenyang'anywa ufunguo wa maabara kwa mwezi mzima. Khuyên anakwenda Đà Nẵng.

Nilimuuliza jambo moja: chini ya kizibo changu jino lilikuwaje? Akakiri lilikuwa safi kabisa. Kisha akasema siku nne hazithibitishi kitu. Nusu ya kwanza nimeipigia mstari.

Jumanne, 12 Machi

Nimetafakari kwa kina. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la madini ya fedha. Jibu ni shaba! Shaba haigeuki nyeusi. Inageuka kijani tu, na kijani ni rangi tulivu. Ufunguo sina, ila dirisha la choo cha maabara halifungi vizuri.

Leo wakati wa chakula baba mkwe amelalamikia gego lake la mwisho kabisa. Nimemwambia asihangaike kwenda kwa Khuyên. Huko nyuma nani atachungulia?