Ruu Haiachwi Motoni

Jumanne, 5 Machi

Theluji tena! Mji huu wa Duluth, huku kaskazini, hauna haya. Kwetu Louisiana watu wameshavua makoti.

Leo Earline, huku akikunja sweta, kasema Jumapili anapanda ndege kurudi kwao Opelousas. Nikamuuliza kwa siku ngapi. Akasema hajui, pengine moja kwa moja. Mke wangu! Amekonda, hacheki, anashinda dirishani akitazama ziwa lililoganda.

Mimi si mjinga. Ni njaa ya chakula cha kwao. Jana tulikula kwa Curley Fontenot, Mlouisiana mwingine pekee hapa mtaani, na Earline alicheka mbele ya bakuli lake la mchuzi mzito wa gumbo. La Curley! Mtu anayetia nyanya kwenye gumbo!

Nimeapa. Nitampikia gumbo ya marehemu mama yake, na hatang'oka hapa.

Alhamisi, 7 Machi

Msiba. Ruu, msingi wa gumbo, ni unga na mafuta tu, lakini huukoroga mpaka ufanane na chokoleti, na huondoki hata nyumba ikishika moto. Nikaondoka. Tarishi alileta kifurushi kutoka kwa binamu yangu, nami ni binadamu. Kurudi, mkaa mtupu! King'ora cha moshi kikalia. Nikamwambia Earline ni majirani wameunguza. Akanikumbusha kwamba majirani zetu ni Wanorwe, hawajui kukaanga, wanachemsha kila kitu.

Lakini kifurushi! Soseji za moshi, na chupa ya ruu iliyokwisha kupikwa. Aibu kubwa kwetu kuonekana nayo. Nimeifukia kwenye theluji nyuma ya nyumba.

Ijumaa, 8 Machi

Nilikoroga sufuria tupu saa nzima ili Earline asikie mwiko. Mkono unaniuma hadi sasa. Kisha nikamimina ya chupa. Nikamwalika Curley aje aone mapishi ya wanaume.

Mabakuli yakajaa. Harufu ya nyumbani kabisa. Earline akainua kijiko, akaona soseji, akakishusha. Akasema polepole kwamba leo ni Ijumaa. Ya Kwaresima. Hailiwi nyama.

Nimekwisha! Nikajikaza, nikatangaza kwamba ni soseji ya mamba. Na mamba kwetu, kwa mfungo, huhesabiwa samaki, kila Mkatoliki wa Louisiana anajua. Curley akainusa, akasema, "Ovide kaka, mamba wako huyu kalelewa kwenye banda la nguruwe."

Tukala mkate na jibini. Curley akaanza kumuuliza Earline habari za kwao. Nikaosha vyombo peke yangu, kwa kelele.

Jumamosi, 9 Machi

Earline kaniambia mambo mawili. Kwanza, mama yake hakujua kupika, alikuwa akiunguza hata maji. Mpishi alikuwa baba. Pili, siku ile hakuchekeshwa na gumbo. Alichekeshwa na Curley, aliyemuuliza hali yake halafu akanyamaza kusikiliza jibu.

La pili sikulielewa vizuri. La kwanza ni muhimu sana. Kumbe nilikuwa napika gumbo ya mtu mwingine! Kesho alfajiri: gumbo ya baba. Kamba na bamia, ruu ya mkono.

Jumapili, 10 Machi

Niliamka gizani. Ruu ikaanza vizuri, nyeupe, kisha rangi ya mchanga. Earline akaja mlangoni na koti mwilini. Akasema amekata tiketi mbili, ameona haya kuniambia tangu Jumanne. Akasema, "Twende wote, Ovide. Acha hiyo sufuria."

Nikamwambia angoje kidogo. Ruu haiachwi.

Akangoja. Nikasikia teksi ikipiga honi. Nikamwambia ndiyo kwanza imefika rangi ya shaba, dakika chache tu. Akaniwekea mkono mgongoni, akakaa hivyo kitambo. Sikugeuka. Ungegeuka wewe? Kisha mlango.

Ilitoka kama chokoleti. Maisha yangu yote sijawahi kupata ruu kama ile.

Jumatatu, 11 Machi

Nyumba ina baridi. Nimekula nimesimama. Curley kaja, kamaliza mabakuli mawili, kakiri kwamba hajaonja gumbo kama hii tangu atoke kwao. Ushindi! Nikatokwa na machozi. Pilipili.

Akaniuliza kwa nini sikwenda. Nikamweleza kwa subira, kwamba ruu ilikuwa motoni. Mlouisiana mzima, na hajui! Akanitazama sana, akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Nimewaza jioni nzima na kosa nimeligundua. Moto ulikuwa mdogo. Ningeuongeza kidogo tu, ruu ingeiva kabla ya teksi.