Kura ya Kitanda cha Dominiko

Jumatatu, 9 Mei 2011
Itangazwe kwa wakazi wote wa Najma, hapa Doha, na vitongoji vyake: leo alasiri birika letu limeungua. Harun, msimamizi wa jiko, amejiuzulu kwa heshima zote. Uchaguzi Ijumaa! Msimamizi hulala kitanda cha chini, kando ya kiyoyozi. Mimi nina miaka hamsini na mmoja, magoti mabovu, na nalala juu, pua ikigusa dari. Lazima nishinde. Tatizo: tuko wanaume kumi na wanne. Saba wangu. Saba wa Omondi, mlinzi mwenzangu na adui yangu.

Jumanne, 10 Mei
Thankachan wa Kerala, India, tunayemwita chetta, yaani kaka mkubwa kwao, anangoja Ijumaa pia. Matokeo ya bunge la jimbo lao. Wajumbe mia na arobaini wa kuchaguliwa, akasema, na mmoja wa kuteuliwa, kwa ajili ya Wahindi wenye asili ya Kizungu. Wa kuteuliwa! Hapo akili ikawaka.

Akaongeza kwamba mwaka 1965 walichaguliwa watu, hakuna chama kilichoweza kuunda serikali, bunge likavunjwa bila kuketi hata siku moja. Baba yake, fundi cherehani, alimshonea mmoja wao shati la kuapia. Halikuchukuliwa. Lilining'inia msumarini miaka, na siku zisizo na upepo mikono yake ilijaa.

Laiti asingeniambia hilo la mikono.

Jumatano, 11 Mei
Nimependekeza mjumbe wetu wa kuteuliwa: Dominiko, aliyekwenda likizo Busia mwezi wa pili, akaacha kitanda kitupu na shati msumarini, na simu hapokei. Kura yake nitaitumbukiza mimi, rafiki yake. Omondi akauliza, "Mzee Henry, sasa unaomba kura kwa magodoro?" Wakacheka hadi wakakubali.

Saa nane mchana, nyumba tupu. Godoro la Dominiko lina shimo. Umbo la mtu.

Alhamisi, 12 Mei
Shimo tena. Lina joto! Shati lake msumarini linajaa na kunywea. Nimewaambia wote: Dominiko anataka nishinde. Fabian, wa upande wangu, hakumaliza wali wake.

Ijumaa, 13 Mei
Kerala: sabini na mbili kwa sitini na nane. Chetta akahesabu na zetu, kwenye sufuria: Omondi nane, mimi saba. Saba, pamoja na ya kitanda!

Jumamosi, 14 Mei
Sasa ukweli. Shimo nililifanya mimi, kwa kulala pale baada ya zamu. Joto lilikuwa la mgongo wangu. Shati halikutikisika hata kidogo. Niliyaandika nikijua Omondi husoma daftari hili na kuwasimulia wengine. Fabian ndiye aliyenihama: nyumba yenye pepo, amesema, inataka msimamizi anayesali, na Omondi ni mwanakwaya.

Leo sikulala pale. Naapa. Shimo lilikuwepo.

Nikapiga simu Busia. Dominiko akapokea! Mzima. Hata salamu hakunipa. Akauliza mbona wiki hii kila akilala mchana anaota yuko Doha, kitandani kwake, na kuna mtu mzito amemlalia. Na leo? nikamwuliza. Leo, akasema, alipata nafasi ya kutosha.

Niliweka mkono juu ya godoro. Lilikuwa la moto.

Kisha nikamwomba alale tena Ijumaa, saa nane kamili. Nitadai kura zirudiwe.