Mkunga Aliyeniibia Wenyeji Sita

Kwa Katibu,
Chama cha Wenyeji wa Waendesha Baiskeli wa Safari Ndefu.

Ndugu Katibu,

Nakuandikia kwa heshima zote na kwa hasira kidogo. Nimeitafakari hasira hiyo kwa siku kumi na moja, na haijapungua. Mimi ni karani mstaafu wa posta. Nimekaa dirishani miaka ishirini na tisa, nimepokea malalamiko ya watu wa kila aina, kwa hiyo najua lalamiko halali linavyofanana. Hili ni halali.

Mwezi uliopita, mimi na rafiki yangu, ambaye ni mkunga mstaafu, tulisafiri kwa baiskeli kilomita mia nne na themanini, kutoka nyumbani hadi mji ule tulikopangiwa kazi tukiwa wasichana na tulikojuana. Tulitaka kuiona tena posta yangu na zahanati yake. Kijitabu cha chama chako kilituahidi nyumba sita njiani, na katika kila nyumba malazi, maji ya kuoga na "mapokezi ya kindugu kwa wasafiri wote". Nimeyapigia mstari maneno mawili ya mwisho. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu mizigo. Mimi nilibeba tyubu mbili za akiba, pampu, viraka, gundi, spana na ramani. Yeye alibeba glavu, mkasi, uzi, bendeji na mizani ya kupimia watoto wachanga. Nilipomuuliza mtu mwenye pensheni anakwenda wapi na mizani, alijibu, "Wewe beba vya kuokoa baiskeli." Hakumalizia sentensi, na mimi kwa ujinga wangu sikumdai aimalizie.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya kinyozi na mkewe. Tukapewa viti, tukaulizwa tunafanya kazi gani. Mwenzangu akasema yeye ni mkunga. Ndugu Katibu, kabla sijamaliza kuosha uso, uani kulikuwa na wanawake saba, na wawili walikuwa bado wana unga mikononi. Ilipofika zamu yangu nikasema mimi ni karani wa posta. Kinyozi akaniuliza kwa upole kama nafahamu kilipo kifurushi chake cha mwaka ule wa mafuriko.

Hayo ndiyo mapokezi ya kindugu niliyoyapata.

2. Kuhusu vyeo. Kuanzia nyumba hiyo, yeye aliitwa "Mama Mkunga". Mimi niliitwa "mwenzake". "Mama Mkunga kaoga? Haya, na mwenzake akaoge." "Mpeni Mama Mkunga mto. Mwenzake atatumia sweta." Kwa mwalimu mkuu, ambayo ilikuwa nyumba ya pili, Mama Mkunga alipewa chumba chenye chandarua na dirisha la upepo, kwa maelezo kwamba anahitaji nguvu. Mwenzake alipewa kochi, ambalo lilikuwa tayari na paka. Paka huyo hakuwa na nia ya kuhama, na mwalimu mkuu aliniambia nisimsumbue kwa sababu ana mimba. Mama Mkunga alipoamka alimpapasa tumbo akasema wako wanne. Familia nzima ilifurahi. Mimi nilikuwa na manyoya mdomoni.

3. Kuhusu mkwe wa mwenye mashine ya kusaga. Hili ndilo zito, na naomba ulisome umekaa.

Nyumba ya tatu ni ya mwenye mashine ya kusaga nafaka. Mke wa mwanawe alikuwa mjamzito, na kwa hesabu ya kadi yake ya kliniki alibakiza wiki tatu. Nimeiona kadi kwa macho yangu. Asubuhi, tukiwa tumeshafunga mizigo kwenye keria na nimeshapanda, binti huyo akatoka mlangoni, akamtazama mwenzangu, akashika kiuno. Siwezi kuthibitisha kwamba alifanya makusudi. Nasema tu kwamba miezi yote minane na siku zake alikuwa mzima, akaja kushikwa na uchungu dakika ileile niliyokuwa nimemaliza kufunga fundo la mwisho.

Hospitali ilikuwa mbali na gari la jirani lilikuwa limekwenda kuchukua magunia. Mwenzangu alishuka kwenye baiskeli kama mtu aliyeitwa kwa jina. Sikumwona akikimbia, lakini alikuwa ameshafika. Mimi niliamriwa nichemshe maji. Nilichemsha sufuria tatu kubwa, jasho likinitoka, nikiamini roho mbili zinategemea moto wangu. Saa tano na robo mtoto akalia, wa kike, mzito kuliko kadi ilivyotabiri. Nikaingia na maji yangu. Mwenzangu akanitazama akaniambia, "Asante, weka hapo," na nikagundua kwamba hakuna hata kikombe kimoja kilichokuwa kimetumika. Nilimuuliza baadaye kazi ya maji yale. Akasema mara nyingi ni ya kumpa shughuli mtu aliyeziba njia.

Mtoto alipewa jina la mwenzangu. Tukazuiwa siku mbili. Picha ilipigwa, ndani yake mimi ni bega.

Nyumba ya nne, kwa fundi redio, nitaifupisha. Habari za kujifungua zilikuwa zimetutangulia, na wanawake walipanga foleni ukutani mpaka kwa jirani. Fundi redio aliniomba niandike orodha ili wasigombane. Niliandika majina, nikaweka namba, nikapiga mistari kwa rula. Kwa dakika ishirini nilikuwa mtu. Kisha orodha ikaisha.

Hapa, Ndugu Katibu, niseme jambo ambalo halimo katika madai yangu, ila litakusaidia kuelewa. Barua haziandikwi tena, lakini watoto hawajaacha kuzaliwa. Yeye alistaafu na kazi yake ikamfuata mpaka barabarani. Mimi nilistaafu na dirisha langu likafungwa siku hiyohiyo. Hakuna mtu aliyeshika kiuno aliponiona.

4. Kuhusu seremala. Nyumba ya tano ilikuwa ya seremala mjane, mtu wa maneno machache, mwenye karakana iliyojaa vumbi la mbao na milango isiyo na nyumba. Hakuwa na mjamzito hata mmoja. Nilimpenda papo hapo. Asubuhi, tulipomaliza kunywa chai, alifuta mikono, akampita mwenzangu, akaja akasimama mbele yangu.

"Nasikia wewe ni mtu wa barua," akasema.

Alikuwa na binti ambaye walikuwa hawajazungumza naye kwa miaka minne. Simu za baba yake alikuwa hapokei. Nilikaa naye mchana kutwa kwenye benchi la kazi. Alitaka kuanza na lawama. Nikamwambia lawama ziende ukurasa wa pili. Tulipofika ukurasa wa pili alisema haoni tena haja yake. Alifuta mistari mitatu, akarudisha mmoja, akalia kidogo akisingizia vumbi. Mwisho barua ilikuwa nusu ukurasa, na ilikuwa nzuri. Nimegonga mihuri barua nyingi mno maishani, hiyo ningeipeleka kwa miguu.

Muda huo wote mwenzangu aliosha baiskeli zote mbili, akatia cheni mafuta, akakaa kivulini. Hakuuliza tutaondoka saa ngapi. Naliweka hili kama lalamiko kamili, kwa sababu mtu anayekusubiri bila kununa anakunyima nafasi ya kusema kwamba wewe ulimsubiri zaidi.

5. Kuhusu njia panda. Kesho yake niliendesha nikiongea. Nakiri niliongea sana. Kilomita kumi na nane nilikuwa nikimweleza jinsi barua inavyojengwa. Tulipofika njia panda tukasimama kunywa maji, akatabasamu akasema, "Sasa naona umepona."

Nikamuuliza nimepona nini. Akaanza kukagua breki ambazo hazikuwa na tatizo. Namfahamu. Nikambana mpaka akasema: yeye ndiye aliyemwambia seremala kwamba mimi ni mtu wa barua. Walikutana kisimani alfajiri, mzee akamweleza habari za binti yake, naye akamwambia, "Mtu wa hayo yuko ndani, anakunja shuka."

Ndugu Katibu, sijui kama umewahi kupewa zawadi ukaja kugundua aliyekununulia amekuhurumia. Nilimwambia maneno makali. Nilimwambia hawezi kukaa mahali bila kuhitajika na kwamba sasa ameanza kugawa makombo. Yeye akasema, taratibu, "Mzee alikuwa na shida, na wewe ulikuwa na dawa. Nilitakiwa ninyamaze?" Nikapanda baiskeli, nikashika njia ya kushoto. Ramani ilisema kulia. Ramani nilikuwa nayo mimi.

Njia ya kushoto iliteremka vizuri kwa muda, kisha ikawa kokoto, kisha ikawa kalavati lililovunjika. Niliruka mimi, baiskeli ikabaki. Niliangukia mkono wa kulia na nikasikia kifundo kikitoa sauti kama penseli inayovunjika. Nikakaa kwenye mtaro nikiwa na tyubu mbili, pampu, viraka na gundi, na hakuna hata kimoja kinachofaa kwa mkono. Nilidhani atafika mjini bila mimi, apewe chandarua, na mtu akiuliza habari za mwenzake asikumbuke mwenzake yupi.

Alifika baada ya saa moja, amelowa jasho, matope mpaka magotini. Hakusema, "Nilikwambia." Nilimsubiri aseme, nilikuwa na majibu matatu tayari. Alipiga magoti mtaroni, akauweka mkono wangu juu ya pampu ya baiskeli, akaufunga kwa bendeji zake za watoto, akaniuliza kama vidole vinachezeka. Alikosea fundo mara mbili. Mtu aliyefunga vitovu vya nusu ya wilaya bila kukosea. Ndipo nikaogopa, na ndipo nikalia, nikisingizia mkono.

Lori la matofali lilitupeleka mpaka mji wetu ule wa zamani, sisi juu, baiskeli chini yetu.

6. Kuhusu dobi. Nyumba ya sita na ya mwisho ilikuwa ya mama mmoja dobi, mwenye pasi nne na kamba za nguo kila upande. Alinipokea mimi kwanza kwa sababu ya mkono. Akaniuliza kazi yangu, akasema marehemu baba yake alikuwa tarishi, na tukaongea kama ndugu waliopoteana. Kisha akamgeukia rafiki yangu: na yeye je, anafanya kazi gani?

Nilisubiri. Rafiki yangu akakunja shati lililokuwa mapajani mwake, akasema, "Mimi? Mimi ni mwenzake."

Hata cheo hicho kimoja nilichopewa na wenyeji wako akanipokonya, na akakivaa kikampendeza kuliko kilivyonipendeza mimi.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, naomba chama kiamue yafuatayo. Kwanza, mwenyeji yeyote asijifungue wala asiruhusu kujifungua nyumbani kwake wageni wakiwepo, isipokuwa kwa taarifa ya maandishi ya siku kumi na nne. Pili, paka wahesabiwe humo. Tatu, kila nyumba iwe na angalau mtu mmoja mwenye ugomvi wa miaka minne unaohitaji barua. Nne, mkunga huyu afutwe kwenye daftari la wasafiri kwa muda wote ambao mimi nitaweza kuendesha baiskeli.

Nisalimie kinyozi, na umwambie kifurushi bado nakifuatilia. Nisalimie mwalimu mkuu na nyumba yake, mwenye mashine, mkwewe na mtoto, fundi redio na foleni yake, mzee seremala, na mama dobi. Msalimie mkeo na wote wa ofisini, hata mhazini, ambaye sijamkosea bado.

Nabaki mwanachama wako mwenye kinyongo kilichopangwa kwa namba,

Karani Mstaafu

Nyongeza: Usishangae sahihi imekaa upande, nimeitia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umo kwenye plasta ngumu ya hospitali mpaka mwisho wa mwezi, kwa hiyo barua hii yote nimeisema kwa mdomo na imeandikwa na mkunga mwenyewe, hapa mezani kwangu. Hakubadilisha neno. Ombi la nne aliliandika kwa mwandiko mzuri kuliko mengine, kisha akavuta fomu ya safari ya mwakani akaijaza bila kuniuliza. Tumeiambatanisha. Ni ya watu wawili. Chumba kimoja kinatutosha.